Ukosefu wa ajira Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanafunzi wanaoandika tasnifu, waandishi wa habari, viongozi wa serikali za mitaa, na zaidi ya wote watu wanaotafuta kazi wenyewe. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

1. Kwa mujibu wa takwimu, asiye na ajira ni nani hasa?

Ni mtu mwenye umri wa miaka 15 au zaidi ambaye, katika siku saba zilizotangulia mahojiano, hakufanya kazi yoyote ya kumwingizia kipato, na ambaye yuko tayari kufanya kazi ikipatikana. Kipimo cha kimataifa, kinachofuata miongozo ya Shirika la Kazi Duniani, kinaongeza sharti la tatu, nalo ni kwamba mtu huyo awe ametafuta kazi kwa vitendo katika majuma manne yaliyopita: amepeleka barua, amezunguka viwandani, ameulizia kwa jamaa, au amehangaikia mtaji na eneo la kufanyia biashara.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba saa moja tu ya kazi ya kipato katika siku hizo saba inatosha kumhesabu mtu kuwa ana ajira. Kijana aliyeshusha magunia Kariakoo asubuhi ya Jumatano akalipwa ujira wake, kisha siku sita zilizobaki akashinda kijiweni, kwa kipimo cha kimataifa ana ajira. Wapo wanaoliona hilo kuwa kejeli, na hasira yao inaeleweka. Hata hivyo kipimo hicho hakikuwekwa ili kusema kwamba kijana huyo ana kazi nzuri. Kiliwekwa ili kuwatenga wasio na chochote kabisa na wale wenye chochote, halafu ubora wa hicho kilichopo upimwe kwa njia nyingine (tazama swali la 6).

Mwanafunzi asiyetafuta kazi, mgonjwa, mzee aliyestaafu na anayelea watoto nyumbani bila kutaka ajira hawahesabiwi kuwa wasio na ajira. Wako nje ya nguvu kazi.

2. Kwa nini jiji lile lile lina viwango viwili, kimoja kidogo na kingine kikubwa?

Kwa sababu Tanzania hutumia pia tafsiri yake ya kitaifa, ambayo ni pana zaidi. Tafsiri hiyo haimlazimishi mtu awe ametafuta kazi, mradi tu yuko tayari kuifanya. Aidha, inawaingiza miongoni mwa wasio na ajira baadhi ya watu waliofanya kazi kidogo lakini hawana uhakika wowote wa kuipata tena, hasa vibarua wa kutwa wanaoamka bila kujua kama leo wataitwa.

Hoja ya kulegeza sharti la kutafuta ni nzito. Mjini, kutafuta kazi kuna gharama: nauli ya daladala kwenda na kurudi, nakala za vyeti, muhuri wa wakili wa kuthibitisha nakala hizo, vocha ya simu. Aliyekwisha kuzunguka miezi kadhaa bila mafanikio huacha kuzunguka, naye si kwamba hataki kazi. Kipimo cha kimataifa kikitumika peke yake, mtu huyo anatoweka kwenye hesabu siku ile ile anapokata tamaa.

Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ni kubwa. Mwaka 2014, kwa Tanzania Bara yote, kipimo cha kimataifa hakikufika asilimia 3, wakati kile cha kitaifa kilivuka asilimia 10. Kwa hiyo mtu akitaja asilimia bila kutaja tafsiri aliyotumia, hajatoa taarifa kamili. Katika ukurasa huu, isipoelezwa vinginevyo, takwimu ni za tafsiri ya kitaifa.

3. Kiwango hicho hukokotolewaje?

Idadi ya wasio na ajira hugawanywa kwa idadi ya nguvu kazi, yaani wenye ajira pamoja na wasio nayo, kisha huzidishwa kwa mia. Tuchukue mtaa wa kufikirika wenye watu 1,000 wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Kati yao 300 wako nje ya nguvu kazi, 560 wana ajira na 140 hawana. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 140 kwa 700, yaani asilimia 20. Anayegawanya kwa watu wote 1,000 atapata asilimia 14, na kosa hilo huonekana mara nyingi kwenye hotuba.

Ukokotoaji huu una matokeo ambayo hayaonekani upesi. Katika mtaa huo huo, watu 40 kati ya wale 140 wakiamua kurudi shuleni, kiwango kitashuka hadi takriban asilimia 15 bila ajira hata moja mpya kupatikana.

4. Nani hupima, na mbona hakuna takwimu za kila mwezi?

Mwenye jukumu hilo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, kupitia utafiti wa nguvu kazi unaofanywa katika kaya. Tafiti zinazotumiwa zaidi kueleza mwenendo wa miaka ya karibuni ni za 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Matokeo yake hugawanya Tanzania Bara katika mafungu matatu: Dar es Salaam, miji mingine na vijijini. Mgawanyo huo ndio unaotuwezesha kulizungumzia jiji peke yake.

Mdadisi hubisha hodi, huorodhesha wanakaya, kisha humhoji kila mmoja mwenye umri unaohusika. Ubora wa takwimu uko mikononi mwake zaidi ya watu wanavyodhani. Ukimwuliza mwanamke wa Tandale au Manzese kama anafanya kazi, jibu la kwanza mara nyingi ni "nipo nipo tu nyumbani." Mdadisi mwenye haraka ataandika hapana. Anayeijua kazi yake ataliona friji lililojaa barafu za kuuza au beseni la sambusa mlangoni, naye ataendelea kuuliza.

Katika nchi zinazotoa takwimu za kila mwezi kuna ama utafiti wa kudumu unaogharimu fedha nyingi, ama ofisi za ajira ambazo kila anayepoteza kazi hulazimika kujiandikisha ili alipwe posho. Dar es Salaam wanaojiandikisha kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ni wachache mno kulinganisha na wanaotafuta kazi, kwa hiyo kuhesabu daftari hilo kungetoa picha ya uongo. NBS hufanya pia utafiti wa ajira na kipato kwa waajiri wa sekta rasmi, lakini huo hauwaoni machinga, mama lishe wala bodaboda.

## Mwenendo

5. Kiwango cha Dar es Salaam kimekwendaje tangu mwaka 2000?

Kimeshuka sana, kisha kasi ya kushuka ikapungua. Utafiti wa 2000/01 ulikuta takriban asilimia 46 ya nguvu kazi ya jiji haina ajira. Mwaka 2006 kiwango kilikuwa takriban asilimia 31, na mwaka 2014 kilikaribia asilimia 21 au 22. Utafiti wa 2020/21 uliweka wastani wa Tanzania Bara karibu na asilimia 9, na Dar es Salaam ikabaki juu ya wastani huo kwa mbali.

Wakati huo huo watu waliongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi. Kiwango kinapobaki pale pale katika jiji linalokua hivyo, idadi halisi ya wasio na kazi inaongezeka. Kwa hiyo anayesema asilimia imepungua na anayesema vijana wasio na kazi wameongezeka wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

6. Kama kiwango kimeshuka kwa zaidi ya nusu, je, watu wamepata kazi nzuri?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Wamepata shughuli za kufanya. Kati ya 2000 na 2014 uchumi wa nchi ulikua kwa takriban asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, majengo yakaota kila kona ya Dar es Salaam, simu za mkononi zikaenea, huduma za fedha kwa simu zikaanza mwaka 2008, na pikipiki za bei nafuu zikaingia kwa wingi. Kila moja ya mambo hayo ilizaa maelfu ya nafasi: saidia fundi, muuza vocha, wakala wa miamala chini ya mwavuli, dereva wa bodaboda. Karibu zote ziko katika sekta isiyo rasmi, bila mkataba wa maandishi, bila likizo na bila michango ya hifadhi ya jamii.

Bodaboda ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na wapo walio kwenye mkataba, yaani wanalipa kwa wiki hadi deni liishe na chombo kiwe chao. Kwa namna zote mbili, fedha za mwanzo za siku si zao. Dereva anayeingia kijiweni saa kumi na moja alfajiri huenda akafika saa sita mchana ndipo aanze kufanyia kazi tumbo lake, baada ya mafuta na hesabu kutimia. Pikipiki ikikamatwa au ikiharibika, hesabu haisimami. Kwa takwimu mtu huyu ana ajira ya kutwa nzima, tena kwa saa nyingi kuliko karani wa benki, na anaweza kulala akiwa anadaiwa.

Kwa sababu hiyo kiwango cha ukosefu wa ajira hakitoshi peke yake kupima hali ya jiji hili. Kinapaswa kusomwa sambamba na vipimo vingine vitatu ambavyo utafiti huo huo hutoa: idadi ya wanaofanya kazi saa chache kuliko wanavyotaka, sehemu ya ajira iliyo nje ya sekta rasmi, na kipato cha mwezi. Mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam asiye na akiba wala ndugu wa kumlisha hawezi kumudu kukaa bila kazi kwa mwezi mzima. Atauza maji barabarani. Kiwango kikishuka kwa njia hiyo, kinaeleza ugumu wa maisha kama kinavyoeleza ukuaji wa uchumi, na anayekinukuu bila kusema hivyo anawapotosha wasikilizaji wake.

7. Mbona basi nafasi chache za kazi huombwa na umati?

Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili kwa nafasi 70, na watu wapatao 10,000 wakajitokeza Uwanja wa Taifa, wakakaa majukwaani kama watazamaji wa mechi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi laki moja.

Umati huo haupimi ukosefu wa ajira moja kwa moja. Miongoni mwa waombaji wamo walimu wa shule binafsi, mawakala wa simu, wahasibu wa maduka na wengine ambao kwenye utafiti wangehesabiwa kuwa na ajira. Foleni hizo hupima kitu kingine, nacho ni uhaba wa kazi yenye mshahara wa uhakika kila mwisho wa mwezi. Kitu hicho kinastahili kipimo chake, na kwa maoni ya mwandishi kingekuwa na manufaa zaidi kwa wapanga sera kuliko asilimia ya jumla.

8. Kwa nini ukosefu wa ajira uko juu mjini kuliko vijijini, wakati kazi nyingi ziko mjini?

Kijijini mwenye jembe na ekari mbili hahesabiwi kuwa hana ajira, hata kama mavuno hayamtoshi. Umaskini wake unaonekana kwenye kipato na kwenye chakula, si kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira. Mjini hakuna shamba la kumficha mtu.

Sababu ya pili ni uhamaji. Kijana anayetoka Lindi, Tabora au Singida hufikia kwa kaka, shangazi au mtu wa kwao, naye hukaa hapo miezi akijifunza mji kabla ya kupata cha kufanya. Miezi hiyo yote anahesabiwa. Baadhi ya waliokuja kutafuta wakikosa hurudi makwao, na wakirudi ukosefu wao wa ajira unaondoka kwenye hesabu za jiji.

9. Tatizo hili lilianza lini?

Ni la zamani kuliko uhuru. Serikali ya Waingereza iliwakamata Waafrika wasio na kazi mjini, ikawaita wahuni na kuwarudisha bara. Baada ya uhuru fikra hiyo haikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, upande wa Kigamboni, kilianzishwa ili kuwapa ardhi watu wasio na kazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi wakasombwa kwa magari kwenda vijijini. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi, na watekelezaji walijikuta wakipaswa kuamua kama mwuza karanga ni mfanyakazi au mzururaji. Mwishowe wachuuzi walianza kupewa leseni zilizoitwa za nguvu kazi, jina lile lile lililokuwa limetumika kuwafukuza.

Pigo la miaka ya 1990 lilikuwa la namna nyingine. Kufuatia makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilipunguza watumishi, na kuanzia 1992 mashirika ya umma yakawekwa kwenye orodha ya kubinafsishwa. Viwanda vya nguo viliumia zaidi kwa kuwa mitumba iliingia wakati huo huo. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa kimeajiri maelfu, na watu wa Mabibo na Manzese walipanga maisha yao kwa king'ora chake cha zamu. Kizazi kilichopunguzwa kazini wakati huo ndicho kilichohesabiwa na utafiti wa 2000/01, na hiyo ni sababu mojawapo ya kile kiwango cha asilimia 46.

10. Kuhamia kwa serikali Dodoma kulipunguza ajira Dar es Salaam?

Watumishi wenyewe hawakupoteza kazi, walihama nazo. Waliobaki na pengo ni waliowategemea: mama lishe wa karibu na wizara, wapiga chapa, mafundi viatu, wenye nyumba za kupangisha na wasaidizi wa nyumbani. Tangazo lilitolewa mwaka 2016, na uhamisho ulifanyika kwa awamu katika miaka iliyofuata, kwa hiyo athari yake imechanganyika na mambo mengine na haiwezi kutengwa kwa usahihi. Bandari, benki, viwanda vikubwa na biashara ya Kariakoo havikuhama.

## Kina nani wanaoathirika

11. Je, wanawake wanaathirika zaidi?

Ndiyo. Katika utafiti wa 2020/21, kwa Tanzania Bara, kiwango cha wanawake kilikuwa takriban mara mbili ya kile cha wanaume. Kazi za mjini zilizokua haraka kuliko zote, yaani ujenzi na usafiri wa pikipiki na bajaji, zimeshikwa karibu zote na wanaume. Mwanamke anayelea mtoto mdogo hawezi kukaa kijiweni kusubiri kuitwa, na huduma ya kulea watoto hulipiwa fedha ambazo kibarua hakizalishi. Hivyo wengi huangukia biashara ya chakula na bidhaa ndogo karibu na nyumbani, mara nyingi kwa mtaji wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, au kwa mikopo ile ya riba kali ambayo wenyewe wanaiita kausha damu.

12. Ni kweli kwamba wasomi hukosa kazi zaidi ya wasiosoma?

Ni kweli kwa namna fulani, lakini kauli hiyo hutumiwa vibaya. Kijana mwenye shahada ambaye wazazi wake wanaweza kumlisha hungojea kazi inayolingana na elimu yake, na muda wote wa kungojea anahesabiwa hana ajira. Mwenzake aliyeishia darasa la saba hana wa kumngojea, kwa hiyo ataanza kubeba zege wiki ile ile. Kulinganisha asilimia za wawili hao na kuhitimisha kwamba elimu haina faida ni kusahau kwamba baada ya miaka mitano kipato chao hakilingani. Jambo la kweli na la kusikitisha ni kwamba ule muda wa kungojea unarefuka, na mhitimu mwenyewe huona haya kuuza chochote mtaani kwao mbele ya waliomchangia ada.

13. Machinga akihamishwa eneo, takwimu zinamwona?

Kwa shida. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na machinga wakapanga bidhaa karibu kila barabara. Kuanzia Oktoba 2021 waliondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Anayeuza kwa theluthi ya mauzo ya zamani kwa sababu wateja hawapiti pale bado ana ajira kwa mujibu wa takwimu. Hasara yake itaonekana kwenye kipato tu, tena endapo utafiti utafanyika kabla hajazoea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wachuuzi na wapiga debe wa Ubungo, kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamia Mbezi mwaka 2021.

## Haki na misaada

14. Nimeachishwa kazi. Kuna fao lolote?

Kwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, lipo fao la kukosa ajira. Masharti yake makuu ni kuwa umechangia kwa angalau miezi 18, na kwamba hukuacha kazi kwa hiari wala kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Malipo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 ana utaratibu tofauti wa malipo ya mkupuo, aulizie ofisi ya NSSF iliyo karibu naye.

Mbali na hilo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefanya kazi mfululizo kwa angalau miezi 12 kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka kumi, isipokuwa kama amefukuzwa kwa haki kwa sababu ya mwenendo wake. Ukiamini umeachishwa isivyo halali, unapaswa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayeendelea kumbembeleza mwajiri, na wengi hufika Tume wakiwa wamechelewa.

15. Na kama nilikuwa kibarua bila mkataba?

Kukosa karatasi hakufuti ajira. Ushahidi wa malipo, mashahidi na hata ujumbe wa simu vinaweza kuthibitisha kwamba ulikuwa mwajiriwa. Hata hivyo kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, na baadhi ya waajiri huwabadilisha vibarua mapema kwa sababu hiyo hiyo. Kuhusu mafao, kama mwajiri hakuwahi kupeleka michango, swali la 14 halitakusaidia sana.

16. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri inapunguza tatizo?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, zikiwemo za vikundi hewa, ukarejea mwaka 2024. Kwa kikundi chenye biashara inayotembea tayari mkopo huu ni msaada wa kweli. Kwa wasio na biashara, huwaongeza kwenye mstari wa wauzaji wanaogombea wateja wale wale.

## Mambo ya pembezoni

17. Ninaishi Vikindu au Kibaha lakini kazi yangu iko Posta. Ninahesabiwa wapi?

Utafiti wa kaya hukuhesabu unapolala, kwa hiyo wewe ni wa Mkoa wa Pwani. Jiji la kweli, la nauli na foleni, limekwisha kuvuka mipaka ya mkoa wa Dar es Salaam hadi Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, lakini mafungu ya takwimu hayajalifuata. Kinyume chake pia kipo: viwanda vipya vimejengwa kwa wingi Mkuranga na Kibaha kwa sababu ya ardhi, na wafanyakazi wanaotoka Mbagala kila alfajiri kwenda huko wanaingia kwenye ajira za Dar es Salaam, ilhali utafiti wa waajiri unawaandika Pwani. Usijumlishe takwimu za tafiti hizo mbili.

18. Ninafuga kuku na kulima mchicha kwa chakula cha nyumbani tu. Nina ajira?

Kwa azimio la kimataifa la mwaka 2013 kuhusu takwimu za kazi, hapana. Azimio hilo liliibana ajira iwe kazi ya malipo au faida pekee, na uzalishaji wa kula nyumbani ukapewa fungu lake. Ukiuza sehemu kubwa ya mayai, jibu linageuka. Badiliko hilo lina uzito mkubwa vijijini na mdogo mjini, kwa hiyo pengo kati ya Dar es Salaam na vijiji linaweza kuonekana limepungua katika jedwali lililofuata azimio jipya, kumbe kilichobadilika ni rula.

19. Binti yetu amekwenda Oman kufanya kazi za ndani. Anahesabiwaje?

Akiwa huko hayumo katika nguvu kazi ya Dar es Salaam kabisa, maana utafiti unahusu wakazi wa kawaida wa kaya. Fedha anazotuma zinaweza kuonekana kwenye kipato cha kaya. Akirudi mkataba ukiisha na akawa anatafuta kazi nyingine, atahesabiwa kama yeyote mwingine. Kwa anayejiandaa kuondoka, wakala anayempeleka anapaswa kuwa na kibali cha serikali, na TaESA inaweza kuulizwa kabla ya kulipa chochote.

20. Ninaweza kulinganisha Dar es Salaam na Nairobi?

Ndiyo, kwa masharti. Chukua kipimo cha kimataifa kwa pande zote mbili na uachane na tafsiri ya kitaifa ya Tanzania, ambayo Kenya haiitumii. Hakikisha umri ni ule ule, kwa sababu Tanzania huhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35 wakati jedwali nyingi za kimataifa huishia 24. Angalia pia mwaka: utafiti uliofanywa 2020/21, katikati ya janga la UVIKO-19, hauwezi kuwekwa kando ya ule wa mwaka wa kawaida. Masharti hayo yakitimizwa, utakachobaki nacho ni viwango viwili tu, na maelezo yote ya tofauti za maisha ya miji hiyo utalazimika kuyatafuta kwenye vipimo vilivyotajwa katika swali la 6.